Ripoti za ubora wa simu za ofisi: ya mtambo wako, ya mtoa huduma wa wingu, au ya chombo cha pembeni?

Kuna ofisi moja ya jumla kule Kizota, hapa Dodoma, inayouza mafuta na mashudu ya alizeti kwa wateja wa Kongwa, Kibaigwa hadi Singida. Kwa karibu miezi miwili walinipigia kila wiki na lalamiko lile lile: "Fundi, wateja wanasema hatusikiki." Cha kushangaza, wao walikuwa wanawasikia wateja bila shida yoyote. Mwenye ofisi, mama anayejua hesabu zake vizuri, alinionyesha ripoti ya mwezi aliyotumiwa na mtoa huduma wake wa simu za wingu, yaani simu za ofisi zinazopita kwenye intaneti hadi kwenye seva ya mtoa huduma: ubora wa sauti 4.2 kati ya 5, seva hewani asilimia 99.98. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa nani mwongo, sisi au hii karatasi?"

Hakuna aliyekuwa mwongo. Kesho yake nilichomeka kompyuta yangu kwenye swichi, kifaa kinachounganisha simu na kompyuta zote za ofisi, nikakaa na dada wa mapokezi kuanzia saa nane mchana nikifuatilia simu moja baada ya nyingine. Mambo yalikuwa shwari mpaka saa kumi kasoro robo. Hapo taarifa zinazorudi kutoka kwenye seva zikaanza kuonyesha kwamba pakiti za sauti (vipande vidogo ambavyo sauti hukatwa ili isafiri mtandaoni) zinazotoka ofisini hazifiki, huku zinazoingia zikiwa nzima. Dada akawa anarudia "haloo, haloo, unanipata?" huku yeye mwenyewe akimsikia mteja vizuri tu. Tukatafuta, tukakuta kompyuta ya mhasibu imepangwa kutuma nakala ya mahesabu ya siku kwenye hifadhi ya mtandaoni saa hiyo hiyo, inameza njia yote ya kupandisha data kwenye intaneti. Kazi hiyo tukaisogeza hadi saa tatu usiku, na kwenye ruta tukaipa sauti kipaumbele. Wiki ile ile malalamiko yakaisha.

Namba za kwenye karatasi zilikuwa za kweli. Ila zilipimwa kwenye kipande cha safari kinachotoka kwenye seva kwenda mitandao ya simu, wakati sauti ilikuwa inapotea kabla ya kufika kwenye seva. Halafu zikachanganywa mwezi mzima. Kwa hiyo mtu akiniuliza achague mfumo gani wa ripoti, kitu cha kwanza ninachotazama ni mahali kipimo kimewekwa, na kama unaweza kufungua simu moja ya saa fulani ukaona kila upande ulisikia nini. Urembo wa dashibodi nauangalia mwishoni.

Namba zinasemaje, na zinaficha nini

Alama inayotajwa sana ni MOS, ya 1 hadi 5. Asili yake ni watu halisi walioketi, wakasikiliza sauti na kutoa alama. Siku hizi mitambo inaikadiria kwa hesabu kutokana na pakiti zilizopotea, ucheleweshaji, na kuyumba kwa muda wa pakiti kufika, yaani jita. Kodeki ni namna ya kugeuza sauti kuwa data. Ile ya G.711, inayotumia kilobiti 64 kwa sekunde, kilele chake ni kama 4.4. G.729 inabana sauti hadi kilobiti 8, na hata mtandao ukiwa safi kabisa inaishia karibu na 4. Kwa hiyo mtoa huduma mmoja akikuonyesha 4.3 na mwingine 3.9, waulize kwanza kodeki kabla hujamhukumu wa pili. Ikishuka chini ya 3.6 watu wengi huanza kulalamika. Pakiti zinazopotea zisizidi asilimia 1, jita ibaki chini ya milisekunde 30, na sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Hiki cha mwisho ndicho kiwango cha Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU.

Wastani ndio unaoumiza watu. Chukua ofisi yenye simu 400 kwa wiki. Simu 380 zina alama 4.3, na 20 zina alama 2.0, yaani sauti mbovu. Wastani wa wiki unatoka 4.19 na ripoti inang'aa kijani. Lakini wale watu 20 ni wateja, na kama wote walipiga saa kumi jioni siku ya mnada, ofisi imepoteza biashara ambayo hakuna mstari wa ripoti utakaoionyesha. Ripoti isiyokupa orodha ya simu mbovu kuliko zote, saa zake na ekstensheni zake (namba za ndani za ofisi), haitakusaidia kutafuta tatizo.

Kuna jambo jingine ambalo naona mafundi wenzangu wengi wanalipita. Simu ya mezani ina bafa, mahali inapozihifadhi pakiti kwa muda mfupi ili izitoe kwa mpangilio. Pakiti ikifika imechelewa kupita bafa, simu inaitupa. Mtandao unahesabu kwamba pakiti ilifika, sikio halikuipata. Ripoti ya kawaida ya RTCP, ambayo simu na seva hutumiana kila sekunde chache, haihesabu zilizotupwa hivyo. Ile iliyopanuliwa, RTCP XR ya mwaka 2003, inazihesabu, na inaeleza pia kama upotevu ulikuja kwa mkupuo au ulitawanyika. Asilimia 2 iliyotawanyika kwenye simu ya dakika tano unaweza usiihisi. Asilimia 2 hiyo hiyo ikija kwa mkupuo mmoja inameza bei uliyokuwa unatajiwa. Simu nyingi za mezani za ofisi zina uwezo wa kutuma taarifa hizi zilizopanuliwa, ila lazima uiwashe kwenye mipangilio na uwe na seva inayozipokea.

Ripoti za mtambo wako mwenyewe

Hapa nazungumzia ofisi yenye mtambo wake wa simu kabatini, mara nyingi Asterisk, programu inayogeuza kompyuta kuwa mtambo wa simu, ikiendeshwa kupitia kurasa za FreePBX au mfumo wa aina hiyo. Asterisk ilianzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, haina ada ya leseni, na mafundi wanaoijua wapo hapa mjini.

Ukiifunga na kuiacha ilivyo, inakupa kumbukumbu za simu: nani kapiga, saa ngapi, imepokelewa au la, imechukua sekunde ngapi. Ubora wa sauti haumo. Watu wengi hudhani mtambo hauwezi, kumbe unaweza. Simu inapokatwa, Asterisk inajua pakiti zilizopotea kwenda na kurudi, jita ya pande zote mbili na muda wa pakiti kwenda na kurudi. Kinachotakiwa ni fundi kuandika mistari michache ya kuzihifadhi pamoja na kumbukumbu ya simu hiyo. Kazi ya nusu siku kwa anayeijua. Baada ya hapo unaweza kuuliza: simu zote za ekstensheni 104 wiki hii, zilizopoteza zaidi ya asilimia 3, zilitokea saa ngapi?

Nguvu ya njia hii ni kwamba mtambo unaona vipande vyote viwili vya simu: cha kutoka mezani hadi kwenye mtambo, na cha kutoka kwenye mtambo hadi kwa mtoa laini. Ukiona kipande cha ndani kinapoteza pakiti, tatizo ni waya, swichi au Wi-Fi yako, na huna haja ya kumpigia mtu wa nje. Hilo peke yake linaokoa wiki za kurushiana lawama.

Udhaifu wake ni matunzo. Hakuna atakayekutengenezea grafu nzuri, na fundi akihama bila kuacha maelezo umebaki na namba zisizosomeka. Tena mtambo ukizima, ripoti inazima nao. Hilo nitalirudia kwenye upatikanaji.

Ripoti za mtoa huduma wa wingu

Hapa hununui mtambo. Unalipia kila mwezi, simu zinajisajili kwenye seva iliyo Dar es Salaam au nje ya nchi. Dashibodi unaipata siku ya kwanza, inafunguka hata kwenye simu ya mkononi, na bosi anaweza kuisoma bila kumuita mtu. Kwa ofisi isiyo na fundi ni unafuu mkubwa, na siwezi kuudharau.

Tatizo ni kwamba anayejipima ndiye anayeuza. Sisemi wanadanganya. Nasema wanachagua kipi waonyeshe, na kwa kawaida wanaonyesha kile wanachokidhibiti. Kabla ya kusaini, waulize kama alama yao ni ya kusikiliza au ya mazungumzo. Alama ya kusikiliza haihesabu ucheleweshaji. Alama ya mazungumzo inauhesabu. Seva ikiwa mbali, hizi mbili zinaachana. Kila kilomita 1,000 za faiba zinakula takriban milisekunde 5 kwenda tu, hata kifaa kiwe cha bei gani. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 450, kwa hiyo hapo hakuna cha kuhofia. Seva ikiwa Frankfurt, sauti ya Dodoma kwenda Singida inasafiri hadi Ujerumani na kurudi, ikiongeza muda wa simu yenyewe, bafa na foleni njiani. Watu wanaanza kugongana kwenye maneno, kila mmoja anasema "samahani, endelea", na ripoti ya kusikiliza inaandika 4.3.

Waulize pia kama unaweza kufungua simu moja moja, na kama taarifa zinazotumwa na simu zako za mezani zinahifadhiwa au zinatupwa. Yule mama wa Kizota alikuwa na dashibodi yenye grafu tano, lakini hakuwa na mahali pa kubofya simu ya jana saa kumi.

Chombo cha pembeni

Njia ya tatu ni kuweka mashine inayosikiliza nakala ya pakiti zinazopita kwenye swichi na kuchambua kila simu. Zinazojulikana zaidi ni HOMER, ambayo ni huria na ina nguvu kwenye kufuatilia ujumbe wa SIP, lugha ambayo mitambo hutumia kuanzisha na kukata simu (simu ilivyoanzishwa, ilikataliwa wapi), na VoIPmonitor, yenye nguvu kwenye sauti: MOS, jita na upotevu kwa kila upande wa kila simu. Kiini cha VoIPmonitor ni huria, ila ukurasa wake wa kutazamia unalipiwa leseni.

Hii ndiyo inayomaliza ubishi. Unachora mstari wa siku nzima, unaona saa kumi kasoro robo shimo linaanza, unapeleka picha hiyo kwa mtoa intaneti na hana la kubisha. Lakini mahali unapokichomeka chombo ndipo sikio lake lilipo. Ukikiweka kwenye swichi ya ofisi, pakiti zinazotoka zitaonekana safi kwa sababu bado hazijapita kwenye ruta yako; upotevu wake utaujua tu kutoka kwenye taarifa za RTCP zinazorudi. Nimeona mtu akisoma namba za upande mmoja na kutangaza kuwa ofisi haina kosa, kumbe alikuwa amepima maji kabla hayajaingia kwenye bomba linalovuja.

Tena chombo hiki kinaweza kuhifadhi sauti za mazungumzo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Namba ya mteja na sauti yake ni taarifa binafsi. Kama lengo lako ni ubora, zima uhifadhi wa sauti, baki na namba za vipimo, na weka ukomo wa siku za kuzitunza.

Seva kuwa hewani ni habari nyingine

Ubora unapima simu zilizounganishwa. Simu ambayo haikuunganishwa haina MOS, na kwa hiyo siku mbaya kuliko zote inaweza kuonekana tupu na safi kwenye ripoti ya ubora. Ndiyo sababu ripoti mbili hizi lazima zisomwe pamoja.

Asilimia zinapumbaza kidogo. Kwa mwezi wa siku 30, asilimia 99.9 ni kukosa huduma dakika 43. Asilimia 99 ni saa 7 na dakika 12. Ofisi inayofanya kazi saa 9 kwa siku 22 ina saa 198 za kazi. Zile saa 7 zikiangukia zote mchana, upatikanaji wako halisi ni asilimia 96.4. Usikubali ripoti inayohesabu usiku wa manane kama saa za biashara yako. Soma pia kinachoondolewa kwenye hesabu: matengenezo yaliyotangazwa, na karibu kila mara, intaneti ya mteja.

Halafu vitu vinaungana kama mnyororo. Seva asilimia 99.9, intaneti ya ofisi 99, umeme 99: zidisha, unapata karibu 97.9, sawa na saa 15 kwa mwezi ambazo simu hazipigiki, wakati mtoa huduma yuko sahihi kabisa kwenye karatasi yake. Hapa Dodoma mvua za Desemba hadi Machi zikija na radi, umeme ukikatika dakika mbili tu na huna UPS (betri ya akiba) kwenye ruta na swichi, mtambo unawaka upya, simu zinajisajili upya, na dakika mbili zinakuwa kumi.

Sasa, nani apime? Mganga hajigangi. Ukiweka Uptime Kuma au Zabbix, programu za kufuatilia kama mfumo uko hewani, kwenye kabati lile lile, kwenye UPS ile ile, umeme ukikatika mpimaji naye anazima, na kwenye grafu linabaki pengo ambalo wengine hulisoma kama utulivu. Weka mpimaji mmoja nje, kwenye seva ndogo ya kukodi, na mwingine ndani. Wa nje akilia na wa ndani akitulia, tatizo ni intaneti. Wa ndani akilia peke yake, angalia mtandao wa ofisi. Uptime Kuma inafungwa kwa dakika chache na inatuma taarifa Telegram. Kwa ofisi ndogo inatosha. Zabbix ina mengi zaidi, inatoa ripoti za kiwango cha huduma na inafuatilia diski, joto na idadi ya simu zilizo hewani, ila inataka mtu wa kuitunza.

Na anachopima kiwe cha maana. Pingi, ujumbe mfupi wa kuuliza mashine kama ipo mtandaoni, inasema tu kwamba mashine inawaka. Asterisk inaweza kuwa imeganda na pingi ikajibu siku nzima. Ujumbe wa SIP uitwao OPTIONS, wa kuuliza "upo?", ni bora zaidi, kwa sababu anayejibu ni mtambo wa simu wenyewe, na Asterisk inaweza kupangiwa kuwatumia mtoa laini na simu zako kila sekunde 60. Bado hautakuambia kama sauti inapita. Ofisi ambayo simu ndiyo duka lake ninaipangia simu ya majaribio kila nusu saa: mtambo unapiga namba ya ofisi kutoka nje, unacheza sauti fupi, unahakikisha imefika. Gharama yake ni ya simu fupi kadhaa kwa siku, na imewahi kunionyesha laini ambayo kila kipimo kingine kilisema iko hewani.

Tarehe 12 Mei 2024, mikonga ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika, intaneti ya nchi ilidorora kwa siku kadhaa. Kwa mpangilio wa mitambo, ofisi yenye mtambo kabatini na laini ya SIP ya mtoa huduma wa ndani, isiyopita kwenye intaneti ya nje, haihitaji bahari ili kupiga simu ya Dodoma kwenda Manyoni. Aliye kwenye seva ya ng'ambo anaihitaji hata kumpigia jirani yake wa Area D. Mtoa huduma wa ng'ambo siku kama hiyo anaandika seva yake iko hewani asilimia 100, na ni kweli.

Ningechagua hivi

Zahanati au ofisi ya mawakili yenye ekstensheni tano pale Ilazo, haina fundi: chukua huduma ya wingu yenye seva nchini, ukubali dashibodi yake, ila ongeza mpimaji wa nje wa Uptime Kuma na UPS ya ruta. Chombo cha pembeni hapo ni gharama bila sababu.

Ofisi ya jumla au kampuni ya usafirishaji yenye ekstensheni 15 hadi 40, inayoishi kwa simu: mtambo wako mwenyewe, vipimo vya kila simu vihifadhiwe, Zabbix ipime kutoka pande mbili. Hili ndilo kundi ninaloona linapata faida kubwa kuliko yote, na ndilo linalouziwa dashibodi zaidi.

Kituo cha huduma kwa wateja, au taasisi yenye ofisi Mtumba na nyingine Dar es Salaam zinazopokea kwa foleni moja: hapo lipa chombo cha pembeni, kimoja kila upande, kwa sababu bila hivyo ofisi mbili zitalaumiana kila mwezi na hakuna atakayejua pakiti zinapotelea wapi katikati.

Na kabla hujatoa hela kwa yeyote kati ya hawa, mwambie muuzaji akufungulie mbele yako simu moja halisi, iliyopigwa jana saa kumi jioni, akuonyeshe upande uliotoka na upande ulioingia kila mmoja peke yake, kodeki iliyotumika, na pakiti zilizotupwa na bafa. Akikurudisha kwenye grafu ya mwezi, endelea kutafuta.